Andy Capp hana haya, Florrie hana kigugumizi

Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka bila kuonekana: habari za jioni. Nawaona, na siwalaumu. Nimepewa mada ya ucheshi unaodumu, na mada za namna hii huua ucheshi wenyewe kabla hata ya dakika ya kumi. Kwa hiyo nitamshika mtu mmoja tu. Ni mfupi, ana kitambi, kofia yake bapa imemfunika macho, na tangu mwaka 1957 hajafanya kazi wala hajahangaika kuitafuta. Anaitwa Andy Capp, mhusika wa kibonzo cha gazetini.

Nianze na gazeti lililomzaa, Daily Mirror la London. Lilikuwa gazeti la wafanyakazi, na kufikia mwaka 1964 lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni 5 kwa siku. Lakini lilitaka wasomaji zaidi kule kaskazini mwa Uingereza, kwenye migodi, viwanda na bandari, ambako watu huwaangalia wa London kwa jicho la pembeni. Hugh Cudlipp, aliyekuwa mmoja wa vigogo wa gazeti hilo, akataka kibonzo cha watu wa kule kwa ajili ya toleo lililochapwa Manchester. Kazi akapewa mchoraji Reg Smythe.

Smythe hakuhitaji kwenda popote kutafiti. Alizaliwa Hartlepool mwaka 1917, mji wa bandari na waunda meli kwenye pwani ya kaskazini mashariki. Shule aliiacha akiwa na miaka 14, akawa kijana wa kutumwa kwenye bucha. Kazi zilipokauka akajiunga na jeshi mwaka 1936, akakaa miaka 10, na vita vikamkuta jangwani Afrika Kaskazini. Aliporudi uraiani akawa karani wa posta London, akichora vibonzo kwenye muda wake na kuuza kimoja kimoja, mpaka Mirror ikamchukua.

Kofia ile nayo ina kisa chake, na Smythe mwenyewe alikisimulia. Akiwa mtoto alikwenda kutazama mpira. Mvua ikaanza. Bwana mmoja karibu yake akavua kofia, akaitia ndani ya koti. Mtoto akashangaa: mvua ndiyo kwanza inanyesha, wewe unavua kofia? Yule bwana akamjibu kwa kumuuliza, ulitaka nishinde nyumbani jioni nzima na kofia iliyolowa?

(Kicheko.)

Mmecheka, basi tuitazame kidogo. Bwana yule hakusema kwamba kofia haivuliwi ndani ya nyumba. Kwake hilo halikuwa jambo la kusemwa. Hakujitetea, hakueleza umaskini wake, hakuomba radhi kwa kuwa na kofia moja. Alimshangaa mtoto aliyeuliza. Kwa maoni yangu Andy Capp mzima yumo katika jibu lile: mtu mwenye utaratibu wake, asiyeona kwa nini aueleze.

Sasa wekeni tarehe mbili pamoja. Tarehe 20 Julai 1957, Waziri Mkuu Harold Macmillan alihutubia mjini Bedford, akawaambia Waingereza kwamba wengi wao hawajawahi kuishi vizuri kama wakati ule. Tarehe 5 Agosti, wiki mbili baadaye, Andy Capp akatokea gazetini kwa mara ya kwanza. Kazi zilikuwepo. Watu walikuwa wananunua televisheni na mashine za kufulia kwa malipo ya kidogo kidogo. Katikati ya shamrashamra hizo anatokea bwana amelala kwenye kochi mchana kweupe, na kodi ya nyumba haijalipwa. Mwaka uliofuata, Aprili 1958, matoleo yote ya Mirror yakambeba. London nayo ilimtaka.

Andy anafanya nini siku nzima? Anacheza snuka, anarusha vishale, anafuga njiwa wa mashindano, anabahatisha farasi. Anacheza mpira, na mara nyingi hutolewa kwa kadi au kwa machela. Jioni yuko baa na rafiki yake Chalkie White. Ukimpa fedha mtu huyo, ukamvalisha suti, unapata lodi wa Kiingereza aliyekamilika: michezo, farasi, kinywaji, kulala, na mtu mwingine wa kulipa. Hilo ndilo lililonivutia nilipoanza kumsoma kwa makini. Andy anaishi kama mtu wa tabaka la juu, ila benki haijapata taarifa.

Anayelipa ni Florrie, mkewe. Mama yake Smythe naye aliitwa Florrie. Huyu wa kwenye karatasi anafanya usafi kwenye nyumba za watu, anamkopesha mumewe hela ya bia akijua hairudi, na anasimama mlangoni Percy Ritson, mkusanya kodi, anapogonga. Percy, jamani, anampenda Florrie waziwazi. Ni nadhifu, ana kazi, ana heshima zake, na miaka yote hii anamshawishi amwache yule mlalaji. Florrie haondoki. Na Percy hachekeshi hata kidogo, maskini, ndiyo maana hawezi kushinda.

Naomba nikae kwenye uchoraji, maana wengi huupita mbio. Smythe alikuwa mchoyo wa mistari. Ukuta wa matofali, nguzo ya taa, kaunta ya baa, kochi: hivyo vinamtosha. Andy na Florrie wameumbwa kwa duara zilezile, wote wafupi, wote wanene, pua zao ndugu. Ukiwatazama kwa mbali ni watu wa saizi moja, na saizi hiyo itatusaidia baadaye. Kibonzo chenyewe kina visanduku vitatu au vinne. Cha kwanza mtu anasema jambo la kawaida kabisa. Cha pili linajibiwa. Kisha mara nyingi kuna kisanduku kisicho na neno hata moja: mtu kageuka tu, au katoa moshi. Ndipo la mwisho linakuja, na pengine Florrie hamwambii Andy, anakugeukia wewe msomaji. Hapo amekufanya jirani. Wachoraji chipukizi mliomo humu, kile kisanduku kimya ndicho kigumu kuliko vyote. Kila mtu anataka kukijaza.

Na macho hatuyaoni. Hatujui kama Andy anaona aibu, maana aibu hukaa machoni. Smythe aliifunika kwa kitambaa, na tumebaki kukisia kwa mdomo na sigara.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wapenzi wa Andy Capp hupenda kuiruka. Vibonzo vya miaka ya mwanzo vimejaa ngumi. Andy anampiga Florrie, na kupigwa huko ndiko kichekesho. Kuna kimoja maarufu ambamo anamweleza mkewe kwamba yeye ni mtu wa starehe chache, na mojawapo ni kumtwanga. Kilichapwa, kikachekwa. Tusijifanye kwamba ni Waingereza peke yao. Vichekesho vya mke kupewa kipigo vimepigiwa makofi kwenye kumbi zetu pia, na baadhi yetu tulikuwemo.

Vibonzo vile vimekufa. Ukimwonyesha kijana wa leo hacheki, na hafanyi hivyo kwa adabu, hacheki kweli. Sababu ya kwanza mnaijua, sina haja ya kuihubiri. Ya pili ni ya kiufundi na haisemwi: ngumi inamaliza mazungumzo. Florrie akiwa chini hana jibu, na asipokuwa na jibu hakuna kisanduku cha mwisho. Lakini polepole Smythe mwenyewe alimwinua. Florrie akashika mti wa kusukumia chapati, akawa anamsubiri bwana nyuma ya mlango usiku baa zikifungwa. Ugomvi ukawa wingu la vumbi lenye mikono na miguu inayochomoza, hujui ya nani. Kisha hata wingu likapungua, yakabaki maneno, na kwa maneno Florrie anamshinda mara nyingi kuliko anavyoshindwa. Miaka ya baadaye wakapelekwa mpaka kwa mshauri wa ndoa. Hapo ndipo ile saizi moja ya miili inapolipa: tunaangalia mabondia wa uzito mmoja. Andy hana haya, Florrie hana kigugumizi. Ondoa kimojawapo na huna kibonzo.

Kuna mzee mmoja aliniuliza juzi: lakini si kumsifu mvivu huku? Swali zuri, na jibu lake linategemea mwaka. Mwaka 1957 asiyefanya kazi alionekana ameamua mwenyewe, na wasomaji waliotoka zamu ya usiku walimcheka na labda kumwonea kijicho. Twendeni Januari 1982. Wasio na kazi Uingereza wamepita milioni 3. Waunda meli wa Hartlepool walishafunga milango miaka ya sitini, na tanuri za chuma miaka ya sabini. Mwanamume wa kaskazini anapanga foleni ya posho ya wasio na kazi, na kinachomla zaidi ya njaa ni haya. Anafungua gazeti anamkuta Andy, yuleyule, kochi lilelile, hana kazi na hana haya. Smythe hakubadilisha kitu. Nchi ndiyo iliyohama ikamkuta mahali alipolala. Mwaka huohuo Andy alikuwa jukwaani London katika tamthilia ya nyimbo, mwigizaji Tom Courtenay akivaa kofia, nyimbo zikiwa za Alan Price, mtoto mwingine wa kaskazini mashariki. Runinga ilimjaribu mwaka 1988 na mwigizaji James Bolam, na haikuchukua muda. Sishangai. Kwenye runinga lazima mtu awe na macho.

Nje ya Uingereza nitapita haraka. Marekani ilimpokea miaka ya sitini, na ilifika wakati alikuwa kwenye magazeti zaidi ya 1,000 duniani. Wajerumani wakamwita Willi Wacker, Wadenmaki Kasket Karl, Wasweden Tuffa Viktor, Waholanzi Jan met de Pet. Wamarekani, kama kawaida yao, wakamweka kwenye mfuko wa vitafunwa vya chumvi mwaka 1971, na wapo watoto wa kule wanaojua vitafunwa bila kujua kwamba huyu bwana ana mke. Kwa nini Mdenmaki acheke mambo ya Hartlepool? Kwa sababu Hartlepool haimo. Umo ukuta, limo deni, wamo watu wawili wanaojuana kupita kiasi, na yumo mama mkwe ambaye kwa kawaida hatumwoni, tunasikia sauti yake tu kutoka pembeni ya kisanduku. Wasomaji wa zamani wa Taifa Leo watamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyekaa gazetini miongo mingi bila kuerevuka. Kibonzo cha kila siku kinataka mtu wa namna hiyo. Akijifunza Jumatatu, Jumanne utachora nini?

Jambo moja tu Andy aliwahi kujifunza, nalo halikutoka kwake. Smythe alipoacha sigara mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile ya Andy iliyoning'inia mdomoni robo karne ikatoweka nayo. Smythe alifariki Juni 1998 kwa saratani ya mapafu, huko huko Hartlepool alikokuwa amerudi kuishi. Aliacha akiba ya vibonzo, ikachapwa kwa muda baada ya kifo chake, halafu wengine wakaipokea kalamu, mwanzoni Roger Kettle akiandika na Roger Mahoney akichora. Waliijua kazi. Nilichokikosa kwao ni ule ukali wa mtu anayewachora wazazi wake. Florrie wao alikuwa mpole mno kwangu.

Mwaka 2007 Hartlepool ilimsimamishia Andy sanamu ya shaba, kazi ya Jane Robbins, karibu na baa kwenye mtaa wa Headland. Kofia ipo, sigara haipo. Kulikuwa na watu walioona si sawa kumtukuza mtu wa aina hiyo, na hoja yao ina uzito. Malalamiko yangu mimi ni mengine. Mwenyekiti ananionyesha saa, basi niyaseme hayo nikae, maswali yaanze. Sanamu ile ni ya mtu mmoja. Kama mtu angenipa shaba ya kutosha mwili mmoja tu, ningemchonga Florrie, ameshika pochi yake kwa mikono miwili, na Andy ningemwacha aje mwenyewe kuomba hela.