Kijana Akikosa Pumzi, Muulizeni Habari za Mguu

BARAKA: Karibuni tena. Dada Zuhura, leo naanza na la nyumbani. Mdogo wangu, miaka 24, alivunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta. Wiki ya tatu, yuko kwenye ngazi, pumzi ikamkatikia. Akaketi pale pale, kashika ubavu, moyo unamdunda hadi unauona shingoni. Hospitali wakasema ni wasiwasi tu, akapumzike.

ZUHURA: Pole sana, kaka. Na hapo ndipo tunapowapoteza vijana. Mzee akikosa pumzi, watu wanakimbia. Kijana anaambiwa ana wasiwasi, au pumu.

BARAKA: Kumbe shida ilianzia mguuni.

ZUHURA: Mara nyingi ndiko. Damu inaganda kwenye vena za ndani, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za shavu la mguu au paja. Donge likichomoka linapanda na mshipa mkubwa wa tumboni, linaingia moyoni upande wa kulia, kisha moyo wenyewe unalisukuma kwenda mapafuni. Kule mishipa inazidi kuwa myembamba, linanasa. Sasa, upande huo wa kulia haukuzoea kazi nzito. Njia ikizibwa ghafla unatanuka, unachoka. Ndiyo maana wengine huzimia.

BARAKA: Na donge linaloonekana ndani ya moyo?

ZUHURA: Pengine kipimo cha eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, hulikuta linaelea humo, liko safarini. Hiyo ni dharura kubwa mno.

BARAKA: Lakini miaka 24, dada!

ZUHURA: Damu haiulizi umri. Inaganda ikituama, ukuta wa mshipa ukiumia, au yenyewe ikiwa na tabia ya kuganda upesi. Mdogo wako alikuwa na mawili ya kwanza. Wengine wana ujauzito, au wamejifungua ndani ya wiki 6. Wengine wana selimundu, yaani sikoseli, wengine wamerithi tabia hiyo ya damu kuganda upesi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni navyo vinaongeza hatari, ila msivitupe: ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko vidonge. Ongea na daktari wako kwanza.

BARAKA: Siku tuliyorudi, nesi ndiye aliyeuliza kuhusu mguu. Akapima paja kwa futi ya kamba, akapima na la pili. La upande wa plasta lilikuwa limevimba. Jioni ile ile akapigwa picha ya CT ya kifua.

ZUHURA: Mungu ambariki nesi huyo. Na dawa za kuzuia damu kuganda anameza?

BARAKA: Anasema amepona, anataka kuacha.

ZUHURA: Asithubutu! Dawa hizo haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalimaliza polepole. Ni miezi 3 kwa uchache, na kuacha ni mpaka daktari aseme.

BARAKA: Nitampigia tukimaliza hapa.

ZUHURA: Na wewe unayetusikiliza, ukifika mapokezi usiseme tu "nakosa pumzi." Sema na la mguu, la upasuaji, la kujifungua, la vidonge. Sema hata kama hujaulizwa. Ukikohoa damu au ukizimia, usingoje kukuche.