Jinsi ya kuchagua shokapu ya usukani kwa gari la foo-wili

Habari zenu watazamaji. Leo niko chini ya gari, na ninachotaka mkione ni hiki kisilinda kilicholala kiubavu karibu na ekseli ya mbele. Ncha moja imefungwa mahali pasiposogea, nyingine kwenye fimbo inayogeuza magurudumu. Hii ndiyo shokapu ya usukani. Ndani yake kuna mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo. Ukikata usukani taratibu, yanapita bila kugoma. Tairi likipiga jiwe ghafla, mafuta hayawahi kupita, kwa hiyo kishindo kinafia hapa kabla hakijafika mikononi mwako.

Sasa, kabla hujatoa pesa, nisikilize vizuri. Kama ukigonga shimo mbele kote kunatetema mpaka upunguze mwendo, usikimbilie shokapu. Shokapu mpya itauficha ugonjwa huku vyuma vikiendelea kulika, na siku ugonjwa huo ukirudi utakuwa kwenye mwendo mkali. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwenye kazi hii, maana hapo kuna roho za watu.

Kwa hiyo tunaanza na ukaguzi. Gari likiwa limekanyaga chini, mwambie mwenzako atikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo. Wewe tazama hapa kwenye tai rodi, ile fimbo inayogeuza magurudumu, halafu hapa kwenye bushi za panhadi, hii fimbo inayoizuia ekseli isihame upande. Ukiona ncha inacheza kabla fimbo haijasogea, hiyo imekwisha. Kisha nyanyua kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, kagua beringi za gurudumu na za kingpini, yaani mhimili ambao gurudumu hugeukia kushoto na kulia. Balansi ya magurudumu nayo isahihishwe. Na gari lililoinuliwa springi lipimwe pembe ya kasta, yaani jinsi mhimili huo unavyoinama kuelekea nyuma, kwa sababu ikipungua sana usukani unakosa utulivu.

Vyuma vya mbele vikishakuwa vizima, fungua shokapu ya zamani. Sukuma fimbo yake ndani, ivute nje. Mnaona? Hapa katikati inateleza tu, haina ukinzani wowote. Na hapa kwenye sili mafuta yamevuja. Hii haifai tena.

Tuje kwenye kuchagua. Anza na urefu. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, pima kutoka tundu la boliti la ncha moja hadi la ncha nyingine. Kata mpaka mwisho kulia, pima tena. Shokapu mpya lazima ijikunje zaidi ya kipimo kifupi na inyooke zaidi ya kipimo kirefu. Kazi ya kuzuia magurudumu yasigeuke kupita kiasi ni ya stopa za ekseli. Ukiifanyisha shokapu kazi hiyo, utaipasua au utapinda fimbo yake.

Pili, ukinzani uwe sawa kwenda na kurudi. Ndiyo maana siwashauri kufunga shokapu ya kawaida ya springi hapa. Nyingi ni ngumu zaidi zikivutwa kuliko zikisukumwa, na usukani utakuwa mwepesi upande mmoja, mzito upande mwingine.

Tatu, gesi, maana shokapu nyingine zina gesi ndani pamoja na mafuta. Ikandamize mpaka ndani, halafu iachie. Fimbo ikijitoa yenyewe kwa nguvu, inaweza kuvuta gari upande mmoja siku zote. Mimi napenda ya mafuta matupu. Zile zenye springi ya kurudisha usukani katikati sizipendi, zinaficha kasoro ileile tuliyohangaika kuitafuta.

Ugumu ufuate uzito wa matairi. Kwa matairi ya kiwandani, shokapu ya usukani yenye ugumu wa kawaida inatosha. Makubwa na mazito yanahitaji iliyonenepa kidogo. Ikizidi ugumu, usukani hautarudi wenyewe ukitoka kwenye kona.

Bushi na boliti za ncha zilingane na za gari lako. Kabla ya kufunga, ivute na kuisukuma mara kadhaa itoe hewa. Magurudumu yakiwa yamenyooka, fimbo iwe karibu na katikati ya mwendo wake. Kaza, kisha kata usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, ukiangalia isiguse springi wala bomba la breki. Endesha polepole, kata kona, legeza mikono kidogo bila kuiondoa kwenye usukani. Ukirudi wenyewe bila kusita, umepata inayofaa.