Kausha Saladi Kwanza

Ahsanteni sana, karibuni tukae. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie saladi kuanzia sokoni mpaka mezani. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua nitakwama kwenye maji. Haya, tuanze na hayo maji.

Saladi, au letusi kama wengine mnavyoiita, ni maji kwa takriban asilimia 95. Maji hayo ndiyo yanayolisimamisha jani na kulifanya lilie ukilitafuna. Yakitoka, jani linalegea. Muuza mboga analijua hilo, kwa hiyo kutwa nzima ana kopo mkononi, ananyunyiza. Wewe unapita, unaona mafungu yanang'aa, unasema, "Hii imetoka shambani sasa hivi!" Nani kakwambia? Imetoka koponi sasa hivi. Maji yaliyo juu ya jani hayajaingia ndani ya jani. Na jani lililolowa, ukilifungia ndani ya plastiki na kupanda nalo daladala katika joto la Dar es Salaam, unawafanyia karamu vijidudu vya kuozesha. Kesho asubuhi unafungua, mkono unateleza. Halafu lawama kwa mkulima wa Lushoto!

Kwa hiyo sokoni msitazame mng'ao. Ligeuze fungu, tazama kitako, pale kisu kilipopita. Kikiwa cheupe na bado kina utomvu kama maziwa, imekatwa karibuni. Kikiwa cha kahawia iliyokolea, imekaa. Kisha chungulia katikati. Ukiona shina limeanza kurefuka kwenda juu, iache. Joto limeiharakisha itoe maua, na itakuwa chungu hata uiwekee sukari. Saladi hupenda ubaridi, ndiyo maana ya milimani mara nyingi huwa tamu kuliko iliyokulia kwenye jua letu la pwani.

Sasa umefika nyumbani. Chambua jani moja moja, osha, kisha kausha. Nimesema KAUSHA. Si kukung'uta mara mbili juu ya sinki na kuhesabu imetosha. Najua mtaniambia kuna kile chombo cha kuzungusha mboga kinachouzwa supamaketi. Kizuri, mwenye nacho akitumie. Mimi natumia kanga. Kanga safi, iliyofuliwa, si ile uliyobebea mtoto. Unatandaza majani katikati, unakusanya pembe nne, unatoka uani, unazungusha mkono kwa nguvu. Maji yanaruka mpaka ukutani. Jirani yangu mmoja mara ya kwanza kuniona alimwita mumewe aje kutazama, akidhani nafukuza mashetani. Nikamwita, nikampa kanga naye azungushe. Siku hizi akinunua saladi nasikia vuu, vuu, ng'ambo ya ukuta, na mumewe ameshapigwa na matone asubuhi akiwa na shati la kazini. Huyo mzee hanipendi, lakini saladi yake haiozi.

Na faida si kutooza tu. Mmehudhuria harusi, mnajua ninachosema: sahani inakuja, pilau limekaa vizuri, pembeni saladi iliyolowa chapachapa, na maji yake yameshaingia kwenye wali. Mafuta na maji hayapatani. Jani likiwa na maji, ile ndimu na mafuta uliyotengeneza kwa mapenzi haishiki, inateleza mpaka chini ya bakuli. Unaongeza chumvi kwa sababu huisikii ladha. Chumvi nayo inavuta maji ya ndani, jani linanywea. Kosa moja limezaa matatu! Kwa hiyo chumvi, ndimu na siki viingie watu wakiwa wameshanawa mikono, si mchana kwa chakula cha usiku.

Ikishakauka, izungushie kitambaa kikavu, weka kwenye chombo, kiteremshe droo ya chini ya friji. Usiisogeze karibu na sehemu inayogandisha, kwa sababu ikiganda ikayeyuka imekwisha, hairudi.

Nasikia minong'ono: "Mwalimu, sisi hatuna friji." Na wenye friji hawana umeme. Nunua yenye mizizi. Isimamishe kwenye beseni yenye maji kidogo, mizizi tu iguse, majani yabaki makavu, uiweke kivulini penye upepo. Ile tabia yenu ya kuweka kila kitu kwenye kapu moja muiache. Ndizi mbivu, parachichi na nyanya hutoa gesi inayoitwa ethilini, na saladi ikiivuta inapata madoa ya kutu kwenye mishipa. Ndizi zikae kwao. Na iliyolegea tu bila kuoza, punguza kitako kwa kisu, itumbukize kwenye maji baridi sana nusu saa, itanyanyuka. Halafu? Halafu unaikausha.

Kuna anayesema tumekula saladi tangu utotoni, tunaosha kidogo tu, na tuko hai. Marekani, mwaka 2018, watu 210 waliugua na 5 wakafariki kwa saladi iliyotoka eneo la Yuma, Arizona. Vijidudu vya aina ileile iliyowaletea ugonjwa vilipatikana kwenye maji ya mfereji wa umwagiliaji. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Sisi tunakula mboga za bondeni Msimbazi, na uchafu wa mto ule sihitaji kuwaeleza. Oshea maji yanayotiririka, maji salama ya kunywa, na mjue kuosha kunapunguza vijidudu, hakuvimalizi. Kipindupindu kikiingia mjini, habari ya saladi mbichi iishe. Ipikwe.

Ndiyo, ipikwe, msigune! Wachina huikaanga kwa kitunguu saumu, Wafaransa huipika pamoja na njegere. Yale majani ya nje, mabichi ya kijani kilichokolea, ambayo mnayatupa kwa sababu ni magumu, ndiyo yenye vitamini A na K nyingi kuliko yale meupe ya ndani. Katakata, kaanga kitunguu, tia tui la nazi, majani yaingie mwisho dakika mbili au tatu, epua. Ukiyachemsha kama kisamvu utapata uji wa kijani, usinilaumu. Tui, au mafuta kidogo kwenye mbichi, si anasa. Bila mafuta mwili haufyonzi vizuri vitamini hizo.

Naona Mwenyekiti anaangalia saa. Nilitaka kuzungumzia ile inayofunga kama kabichi na ile ya majani wazi, haya, kwa kifupi: ya kufunga hukaa siku nyingi zaidi, ya majani wazi ina virutubisho zaidi. Wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ile warfarini, msiongeze wala kupunguza majani ya kijani ghafla, ongeeni na daktari kwanza. Mengine tutayaacha.

Pale mezani kuna mabeseni, maji na mafungu yaliyonunuliwa leo. Wenye maswali wabaki wamekaa, wanaotaka kujaribu waje mbele wakunje mikono.