Mwamba wa pweza unafungwa, wachokoaji wameulizwa?

DADA: Assalaam aleykum wasikilizaji wetu, karibuni tena kipindini, leo tunarikodi hapa Mkoani, Pemba, tumekaa barazani kwa hio mkisikia jogoo au vespa inapita mjue ndo mtaani hapa. Maalim, leo nataka tuzungumze habari ya kufunga mwamba wa pweza, maana wiki nzima hii shoga zangu wachokoaji, wanawake wanaotoa pweza kwa vijiti wakienda kwa miguu, wananipigia simu.

MAALIM: Waaleykum salaam dada. Hawataki ufungwe?

DADA: Wanataka! Hapo ndo watu wanapokosea. Kufungwa hawana neno nako, kinachowauma ni kuwa hawakuulizwa wafunge wapi na wafungue lini.

MAALIM: Haya, tuanzie chini basi, maana yupo anaetusikiliza kule Darajani hajui mwamba unafungwaje. Kijiji kinakaa, kamati ya uvuvi ya shehia, sheha yaani mkuu wa shehia, wavuvi, wanakubaliana kutoka kisiwa kile mpaka mkondo ule tunapaacha, mara nyingi miezi mitatu hivi, haingii mtu na mkuki wala kijiti, wanatia maboya ya alama, kisha siku ya kufungua wanaingia wote. Huku kwetu Kisiwa Panza ni katika walioonesha njia, shirika la Mwambao walikwenda kuwasaidia, Unguja Kizimkazi nao wamefunga, na wenzetu wa Madagaska wako nalo tokea 2004.

DADA: Kwa nini pweza lakini, kwa nini sio samaki kama changu au tasi?

MAALIM: Pweza anakua mbio dada. Umri wake wote haufiki miaka miwili. Leo unamkuta kama ngumi, ukimuacha miezi miwili mitatu unakuta pweza mwengine kabisa, mzito, wa kuuzika. Changu ukimfungia miezi mitatu huoni tofauti, yeye anataka miaka. Ndo maana pweza ni mzuri wa kuanzia, mtu anaona faida kwa macho yake na bado anaikumbuka tabu alioipata ya kusubiri. Na jike akishataga anakaa tunduni na mayai yake, hali, anayapulizia maji tu mpaka yanaanguliwa, kisha anakufa. Sasa ukimtoa kabla, hujatoa pweza mmoja hapo, umetoa na maelfu ya mayai.

DADA: Hilo mama yangu alikuwa analijua na skuli hakusoma. Nilikuwa namfata pwani na ndoo, maji ya magoti, anatembea kainama hasemi. Akiona vijiwe mlangoni mwa tundu na magamba ya kaa yametupwa nje anajua mwenyewe yumo, anaingiza kijiti taratibu, pweza anakishika, anamvuta. Lakini mara nyengine anakuta vijiwe vimeziba mlango mzima, ananambia huyu kaatamia, muache, tunapita. Hata siku ndoo iko tupu tunapita.

MAALIM: Mashaallah.

DADA: Sasa mtu kama yule anajua kila tundu la ule mwamba, na siku ya kupanga mipaka hayupo mkutanoni, kwa sababu mkutano umeitwa dikoni, vyombo vinapofikia, wamekaa wanaume na vyombo vyao, mwanamke akenda kusimama pale ataonekana kafata nini. Halafu wanafunga mwamba wa ndani. Maalim, mwamba wa ndani ndo wetu sisi! Mwanamme ana ngalawa, ana miwani ya kuzamia, anahamia nje kwenye kina anaendelea na riziki yake, mchokoaji hana chombo, umemfungia jiko lake.

MAALIM: Nakubali, lakini mwamba wa ndani ndo rahisi kuulinda, unauona kutoka ufukweni. Ule wa nje nani atakaa usiku kuuangalia?

DADA: Basi mfunge nusu na nusu, mtuachie upande, sisi wenyewe tutakwambieni upande upi. Na nikupe la siku ya kufungua, hili nimeliona kwa macho yangu, kijiji sikitaji. Tarehe ilipangwa na watu wa mradi mmoja waitakavyo wao, kwa ajili ya wageni wao waliokuwa wanakuja, wamekaa ofisini na kalenda ya ukutani. Siku yenyewe ikaangukia maji mafu.

MAALIM: Aa, jamani.

DADA: Maji mafu Maalim! Mwamba haukauki, maji kifuani. Wanawake wamefika na vijiti na ndoo zao, wengine na watoto mgongoni, wamesimama mchangani wanaangalia wazamiaji wanatoa pweza mmoja baada ya mwengine, wakubwa haswa. Mpaka bamvua inakuja, yale maji yanayokauka sana, wiki nzima baadae, mna nini tena mule? Na wale wale wanawake miezi mitatu hawakuugusa. Mtoto yeyote wa pwani ungemuuliza angekwambia fungueni mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yanakauka saa nne saa tano asubuhi, kila mtu anafika kwa miguu yake.

MAALIM: Hilo limeniuma. Lakini na mie niseme langu, maana nisije kukubali kila kitu. Kijiji peke yake hakiwezi. Kamati inaweza kukubaliana vizuri kabisa, usiku wa kuamkia kufungua inakuja mashua ya mbali inakomba, au wanakuja na wavu wa juya linaburura mpaka majani ya bahari. Juya limekatazwa, bunduki za mishale zimekatazwa, sumu ya utupa imekatazwa, Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010 ipo, lakini mzee wa kamati na tochi yake atamkamata nani? Hapo serikali lazima iwepo, boti ya doria iwe na mafuta, na kesi ikifika mahakamani isiishie njiani. Ikifia njiani mara mbili tu, mara ya tatu watu wa kamati hawatoki, wanalala.

DADA: Na wageni wa dago je, wavuvi wanaohama na kupiga kambi pwani ya watu? Maana sisi sote tuna jamaa wanaokwenda dago.

MAALIM: Dago sio ubaya, watu wa Kojani wanahama na samaki tokea enzi za mababu, wanajua bahari kuliko wengi. Ada ilikuwa mgeni anafika kwa sheha, anajitambulisha, anaambiwa huku vua na kule usiguse, na anasikia. Kamati zingewaita na wao kwenye kikao kabla ya kufunga, maana mtu uliemshirikisha utaweza kumdai, ulompiga faini bila ya kumwambia atarudi usiku. Angalia kisiwa cha Misali, kilihifadhiwa 1998, na 2005 kikaingizwa kwenye hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Kuna sehemu ya mwamba haivuliwi, na mashekhe walizungumza na wavuvi pale kuwa bahari ni amana. Na kisiwa chenyewe kina kisa chake, wazee wanasema Nabii Khidhri alitaka msala wa kusalia hapakuwa na msala, akasema kisiwa hichi ndo msala wangu. Mvuvi anaekijua kisa hicho hana haja ya kusomewa kifungu.

DADA: Kwa hio sisi ombi letu kwa kamati zote zinazotusikiliza, kabla ya kufunga tena, kikao kimoja kifanywe kwa wanawake, nyumbani kwa mmoja wao au chuo cha Qur'ani, asubuhi siku za maji mafu wakati hawako pwani. Na tarehe ya kufungua wachague wao.

MAALIM: Na mpaka uchorwe kwa kuutembea. Wauendee kwa miguu maji yametoka, wachokoaji wawe mbele.

DADA: Na sisi twende. Bamvua inayokuja nimeshaongea nao, wamekubali turikodi mule mule mwambani.

MAALIM: Saa ngapi?

DADA: Maji yanakauka saa nne na nusu, kwa hio saa tatu tuwe ufukweni. Vaa raba Maalim, mwamba unakata.