Margarita Xirgu: Jukwaa la Ugenini

Ndugu wasikilizaji,

Mchoraji akiikimbia nchi yake huweza kuondoka na picha moja kwapani. Mwandishi hubeba daftari. Mwigizaji wa jukwaani hana cha kufungasha, maana kazi yake huisha pazia linaposhuka. Ndiyo sababu leo nimemchagua Margarita Xirgu, mwigizaji wa Hispania.

Alizaliwa mwaka 1888 Molins de Rei, karibu na Barcelona. Alianza kuigiza kwa Kikatalani, lugha ya kwao, kisha akahamia jukwaa la Kihispania na kupata jina Madrid. Mwaka 1927 aliipandisha jukwaani tamthilia ya mshairi kijana, Federico García Lorca, na tangu hapo kazi zao zikafungamana.

Januari 1936 alipanda meli na kundi lake kwenda Amerika. Ilikuwa ziara tu, ndugu zangu. Julai vita vikalipuka Hispania, Agosti Lorca akauawa karibu na Granada, na Margarita hakuikanyaga tena nchi yake. Utawala wa Jenerali Franco, aliyeshinda vita hivyo, ulimhukumu hayupo, ukamnyang'anya mali.

Wapo wanaosema alibahatika, kwa kuwa huko alikokwenda walizungumza Kihispania. Ni kweli, lugha alikuwa nayo. Lakini mshairi wake alikuwa kaburini lisilojulikana, na watazamaji waliomlea walikuwa ng'ambo ya bahari.

Sasa njooni nami Buenos Aires, ukumbi wa Teatro Avenida, tarehe 8 Machi 1945. Inachezwa tamthilia ambayo Lorca aliimaliza miezi miwili tu kabla ya kuuawa, na haijapata kuonyeshwa popote. Margarita, mwenye miaka 56, ndiye Bernarda Alba, mjane mwenye fimbo aliyewafungia ndani mabinti zake watano. Neno la kwanza analotamka akiingia ni "Kimya!" Na la mwisho, binti mdogo akiwa amekwisha kujinyonga, ni hilohilo: "Kimya!" Nikilifikiria neno hilo mwili hunisisimka. Linatoka kinywani mwa mwanamke aliyefungiwa mlango kwao, na aliyeliandika amenyamazishwa kwa risasi.

Wengi humkumbuka kwa usiku ule. Mimi humkumbuka zaidi kwa yaliyofuata Uruguay. Mwaka 1949 jiji la Montevideo lilifungua shule ya uigizaji, naye akakabidhiwa kuiongoza. Umri ulikuwa umepita sitini, umri ambao wengine huanza kuhesabu tuzo zao. Yeye alikaa na vijana wasiowahi kuiona Madrid, akawafundisha kusimama, kupumua na kusema. Kile ambacho hakingeweza kufungashwa kwenye sanduku akakiacha kwenye miili yao.

Alifariki Montevideo Aprili 1969, Franco akiwa bado madarakani. Mabaki yake yalirudishwa Molins de Rei mwaka 1988, miaka mia tangu azaliwe. Shule ile ya Montevideo bado inafundisha, na inaitwa kwa jina lake.