Mwandishi, Mganga na Jabali: santuri ya 1971 isiyozeeka

SALMA: Msikilizaji, karibu. Leo kaka Idi ameingia studio na santuri moja tu mkononi.

IDI: Moja inatosha, dada Salma. Hebu soma jina lake.

SALMA: "Mwandishi". Herbie Hancock, 1971. Mara ya kwanza nilidhani ni bendi ya huku kwetu!

IDI: Ni Wamarekani, wanapiga jazi. Hancock alipiga piano kwa mpiga tarumbeta Miles Davis kuanzia 1963 hadi 1968, na ni huko alikoanza kuzoea piano ya umeme. Baadaye akawa na kundi lake la watu 6, na kila mmoja akachukua jina la Kiswahili. Yeye Mwandishi. Buster Williams wa besi, Mchezaji. Billy Hart wa dramu, Jabali. Bennie Maupin, Mwile. Julian Priester wa tromboni, Pepo Mtoto.

SALMA: Na Mganga?

IDI: Eddie Henderson wa tarumbeta. Huyo ni daktari kweli, alisomea udaktari akahitimu.

SALMA: Majina aliwapa nani?

IDI: James Mtume, mpiga tumba, ambaye naye alikuja kupiga na Miles. Miaka ile Wamarekani weusi wengi walikuwa wanaitafuta Afrika yao, wakakishika Kiswahili kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja.

SALMA: Mimi mtu wa pwani, nikisikia "mchezaji" nawaza mpira au ngoma. Wa besi ningemwita mpigaji, na anayetunga muziki ni mtunzi, si mwandishi. Lakini isikilize ile besi kwenye kipande cha kwanza, Idi. Inacheza! Jina limemkaa.

IDI: "Ostinato" hiyo. Hancock aliitunga kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati wa haki za Wamarekani weusi, waliirekodi Desemba 1970, naye Angela yuko mahabusu. Mzunguko wake una mapigo 15. Mwili wako unangoja la 16, na kabla halijafika besi imeshaanza upya.

SALMA: Hapo ndipo niliponasa. Wiki nzima nilikuwa napika huku nahesabu, napotea, narudia. Halafu nikakumbuka ngoma za harusi nyumbani: kuna ngoma inayoshika, haiondoki pale ilipo, na kuna inayotembea juu yake. Ukiifuata inayoshika hupotei. Basi nikamfuata Mchezaji, nikaacha wengine watembee.

IDI: Na kwenye kipande hicho wapiga dramu ni wawili. Wa pili ni Leon Chancler, kijana wa miaka 18, aliyejulikana kwa jina la Ndugu. Ile dramu ya "Billie Jean" ya Michael Jackson, ni yeye huyo Ndugu.

SALMA: Subhanallah. Kumbe nimemsikia tangu utotoni.

IDI: Sote tumemsikia.

SALMA: Lakini niseme ukweli, si fyusheni yote ya miaka ya 70, ile jazi iliyochanganywa na roki, ninayoipenda. Kuna santuri ambazo wapigaji wanashindana nani ana vidole vyepesi zaidi. Ukizisikia mara mbili umezimaliza. Hawa wanasubiriana. Tarumbeta inasema kidogo, inanyamaza, piano inaliokota lile neno inakwenda nalo kwingine. Ndiyo maana kila nikirudi nakuta jambo ambalo jana sikulisikia.

IDI: Kusubiriana huko hakukuwapa pesa, ndugu yangu. Kufikia 1973 Hancock akalivunja kundi, akabaki na Maupin peke yake, wakatoa santuri ya "Head Hunters". Kipande chake "Chameleon" unakijua: ile besi ya mwanzo ni sintesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, anaipiga Hancock mwenyewe. Hiyo ikauzika sana.

SALMA: Naipenda, nyumbani kwangu inachezwa. Lakini nikiwa peke yangu usiku narudi kwa Mwandishi.

IDI: Hata mimi. Niliinunua hii ikiwa na mikwaruzo, na mikwaruzo yenyewe sasa naijua ilipo.

SALMA: Basi weka upande wa kwanza. Msikilizaji, ukianza kupotea, tafuta besi. Jabali na Ndugu watakuzunguka, usiwajali kwanza.

IDI: Sindano imeshuka.

SALMA: Sikia... huyo anaingia.