Muoseti Kaitwa Hivyo na Nani?

Nitaanza na lile ninaloliimba kila nikipewa kipaza sauti. Mliokwisha kulisikia mnivumilie. Waoseti, wale wa milima ya Kaukazi, hawakujipa jina hilo. Wageorgia ndio waliowaita Osi, na nchi yao wakaiita Oseti. Hiyo "-eti" ni alama ya nchi tu, kama Wasvani, watu wengine wa milima hiyo, na Svaneti yao. Warusi wakaja, wakalidaka jina la nchi, wakamwita mtu wa huko "osetin". Kiambishi cha nchi kikamganda mtu mwilini! Ni kama mgeni asikie "Uganda", kisha mwenyeji amwite "Muuganda". Na sisi tukisema Muoseti, tumepachika kiambishi mbele huku kingine kimeshajishikiza nyuma.

Sasa naona kuna kijana anataka kunyoosha mkono: "Mwalimu, si tuwaite tu kwa jina lao wenyewe?" Lipi, mwanangu? Wengi wao hujiita Iron, na nchi yao Iryston. Sawa. Lakini upande wa magharibi kuna Wadigor, wenye lahaja yao, na si lahaja ya kubadili sauti mbili tatu. Iron asiyeizoea hutoka jasho. Mdigor ukimuuliza yeye nani, atakwambia ni Digoron. Ukimwita Iron kwa kudhani unamheshimu, umemfuta. Hilo jina la kubandikwa na jirani ndilo linalowaweka wote chini ya paa moja, wapende wasipende. Wapenzi wa "majina halisi" nikifika hapa huwa wananuna. Wanune.

Kuhusu Alania, yaani nchi ya Waalani, watu wa kale wa Kaukazi, nitapita mbio, naona mwenyekiti anatazama saa. Waalani hao ndio chimbuko la lugha ya Waoseti, nayo ni ya jamii ya Kiirani, si Kirusi wala Kigeorgia, tafadhalini. Osetia ya Kaskazini, iliyo ndani ya Urusi, iliongeza "Alania" kwenye jina lake rasmi mwaka 1994. Ya Kusini, iliyojitenga na Georgia, ikafuata kwa kura ya maoni ya 2017. Tatizo ni kwamba Waingushi, jirani wa Waoseti, nao wameuita mji wao mkuu Magas, jina la mji wa Waalani. Urithi mmoja, wadai tele.

Na jirani wengine wa Waoseti, Wabalkari, wasemao lugha ya jamii ya Kituruki? Waoseti huwaita "Asiag", jina la ukoo mmoja na hilo hilo Osi. Haya, nyosheni mikono sasa.